Jangwani Hakuna Mtu

Video yenyewe ni ya dakika moja hivi. Mikono ya kijana, kucha zimepakwa rangi nyeusi, inafungua boksi, inatoa karatasi za msalani zilizoviringishwa, na ndani ya karatasi kuna kitu cha ukubwa wa ngumi. Rangi yake ni ya jivu. Miiba ni myeusi, utosini kuna sufu iliyofifia, na ubavuni kuna kovu kama la ng'ombe aliyechanwa na seng'enge. Mizizi imekatwa. Kijana anakigeuza taratibu mbele ya kamera ili tulione kovu vizuri. Piano inalia polepole. Chini ya video watu wameandika: nzuri mno, naona wivu, umeipata wapi.

Shoga yangu ndiye aliyeituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Tulisoma naye shahada ya kwanza Dar es Salaam, darasa moja la sayansi ya mimea. Sasa mimi nasoma uzamili hapahapa, yeye yuko Ulaya, katika mji ambao Desemba jua linachomoza saa tatu asubuhi. Chumba chake kina dirisha moja, na dirisha hilo lina mimea kumi na minne. Aliandika: "Jamani, naitaka hii. Kuna mtu anaiuza mtandaoni." Nikamjibu kwamba mmea huo bila shaka umeng'olewa porini. Akanijibu: "Sasa shoga, kule jangwani hakuna mtu. Ingekufa bure tu, bila hata wa kuiona."

Nilianza kuandika jibu kwenye simu, nikalifuta, nikaanza tena. Mwisho likawa refu mno kwa WhatsApp.

Kwanza tujue tunazungumzia nini, maana kwetu neno kaktasi linabeba mizigo isiyo yake. Mimea mingi yenye miiba tunayoiita kaktasi tukiwa kwenye basi la Dodoma si kaktasi. Ni jamaa za mnyaa, zile ambazo ukizikata zinatoa utomvu mweupe unaowasha macho. Mpungate ni kaktasi kweli, lakini ni mgeni kutoka Amerika, na wafugaji wa Laikipia wana kila sababu ya kuuchukia, kwa jinsi ulivyovamia malisho na kuwajeruhi mifugo midomo. Kaktasi pekee inayoaminika kufika Afrika bila kubebwa na binadamu ni Rhipsalis baccifera, nayo haina habari na jangwa: inaning'inia kwenye miti ya misitu yenye mvua, laini kama tambi.

Ile ya kwenye boksi ni Copiapoa cinerea. Neno la pili ni Kilatini, maana yake ni rangi ya majivu. La kwanza limetokana na mji wa Copiapó, kaskazini mwa Chile, na wataalamu wawili wa mimea kutoka Marekani, Britton na Rose, ndio waliolitoa mwaka 1922. Copiapoa ziko aina thelathini na kitu, inategemea anayehesabu ni nani, na zote, kila moja, asili yake ni kaskazini mwa Chile. Hazipo Peru. Hazipo Argentina. Nyingine zina eneo dogo kiasi kwamba mtu mwenye gari na sururu anaweza kulimaliza kwa siku chache. Copiapoa laui, iliyo ndogo kuliko zote, ina vichwa vya upana wa kifungo cha koti, vya rangi ya udongo, na nusu ya mwili wake imejificha chini ya changarawe. Unaweza kuikanyaga usijue. Kwa bahati mbaya wanaoitafuta wanajua.

Sijafika Chile. Nauli ya kwenda tu ingemeza posho yangu yote. Ninayoyajua nimeyasoma, na kuna jambo moja nimelisoma mara nyingi kuliko yanavyohitaji masomo yangu: ukungu.

Pwani ya Atacama ina bahari baridi. Mkondo wa Humboldt unapanda kutoka kusini ukiwa na maji ya baridi, na hewa inayopita juu yake inapoa mpaka inageuka wingu zito, la chini, linalosukumwa nchi kavu na kugonga milima ya pwani. Wenyeji huliita camanchaca. Mvua inaweza kukosekana kwa miaka, lakini camanchaca inakuja. Inapita mabondeni kama moshi wa kuni mbichi, inaacha umande juu ya mawe, juu ya miiba, juu ya kuvu na ndani ya mpasuko wa mwamba. Ikifika jua kali imekwisha. Unyevu huo mwembamba, ambao hapa kwetu usingetosha kumlazimisha mtu aanue nguo kambani, ndio uhai wa viumbe vya milima ile.

Copiapoa imejengwa kwa ajili ya ukungu huo. Vitundu vyake vya kupumulia hufunguka usiku, kukiwa na ubaridi, ikavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi hadi mchana, ili isipoteze maji juani. Ile rangi ya jivu ni nta, koti linalorudisha mwanga wa jua ulikotoka. Na kuna hili ambalo mara ya kwanza kuliona kwenye picha nilidhani mpiga picha amelipanga: bonde zima la Copiapoa cinerea, mamia ya vichwa, vyote vimeinama upande mmoja, kama safu za waumini walioelekea kibla. Vinaelekea kaskazini, kwa sababu huko kusini mwa dunia jua la adhuhuri liko kaskazini. Watafiti wakiongozwa na Ehleringer walieleza sababu mwaka 1980: mmea ukiinama hivyo, mbavu zake hazichomwi sana na jua, lakini utosi, mahali pa kukulia na pa maua, unapata joto hata wakati wa baridi, wakati ambao unyevu ndio unapatikana. Yaani mwili wenyewe ni ramani. Unasoma umbo lake unajua uko wapi duniani, jua linapita wapi na maji yanatoka upande gani.

Ukiuweka kwenye dirisha la Ulaya utainamia kioo. Ukiumwagilia, sehemu mpya itakayoota juu itakuwa ya kijani, na baada ya muda utakuwa na kitu chenye rangi mbili, chini jangwa, juu chumba chako.

Nirudi kwenye neno "hakuna mtu". Pwani hiyo ni ya Wachango, watu wa bahari waliovua kwa vyombo vilivyoundwa kwa ngozi za simba wa baharini zilizojazwa upepo. Kwa muda mrefu vitabu viliandika kwamba Wachango walikwisha, kabila lililotoweka. Wajukuu wao wakaendelea kuvua samaki huku wakisoma habari za kutoweka kwao. Mwaka 2020 ndipo sheria ya Chile ilipowatambua kuwa ni mojawapo ya jamii za wenyeji wa nchi hiyo. Kusini zaidi, katika kijiji cha Chungungo, watu walitandaza nyavu mlimani miaka ya tisini wakakinga ukungu uleule, maji yakashuka kwa bomba mpaka majumbani. Kwa hiyo mtu alikuwepo, na anakunywa maji.

Lakini kwa mwenye shughuli zake, jangwa likishaitwa tupu linaweza kujazwa chochote. Kuanzia 1938 tope la machimbo ya shaba lilimwagwa kwa miongo kadhaa katika ghuba ya Chañaral, mpaka bahari ikasogezwa nyuma na ufuo mzima ukawa wa mabaki ya mgodi. Kaskazini tu mwa mji huo ndipo ilipo hifadhi ya taifa ya Pan de Azúcar, mojawapo ya makazi makubwa ya Copiapoa. Kisha likaja lile shindano la magari lililoanza kwa kukimbizana kutoka Paris hadi Dakar. Usalama ulipoharibika katika Sahara likahamishiwa Amerika Kusini mwaka 2009, likabaki na jina la Dakar, na kuanzia hapo hadi 2015 malori na pikipiki zilipita Chile. Taasisi ya serikali inayolinda makumbusho ya kale iliorodhesha maeneo ya kihistoria yaliyoharibiwa na matairi. Nani asiyeona mzaha huo? Jangwa la Waafrika likaonekana lina watu wa hatari, likatafutwa jingine lisilo na mtu.

Shoga yangu hamwagi tope baharini. Hata gari hana. Lakini sentensi yake ni ndugu wa damu na zile walizosema wenye tope, ndiyo maana ilinichoma.

Sasa biashara yenyewe. Februari 2020 polisi wa Italia walivamia nyumba moja mashariki mwa nchi hiyo, karibu na Ancona, wakakuta kaktasi zaidi ya elfu moja, nyingi zikiwa Copiapoa zilizotoka Chile. Baadhi zilikadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja. Thamani yake katika soko la magendo ilitajwa kuwa zaidi ya dola milioni moja. Mimea 844 ilirudishwa Chile Aprili 2021, na wakubwa wa uhifadhi walifurahi, na mimi nilifurahi, mpaka nilipojiuliza swali ambalo kila mtu wa fani yangu lazima alijiuliza: wataipanda wapi? Hakuna aliyeandika kila mmoja uling'olewa bonde gani. Ukiukosea bonde unachanganya koo ambazo zimetengana tangu zamani. Na mmea uliokaa na mimea mingine Ulaya unaweza kurudi na ukungu wa magonjwa, na wadudu ambao jangwa halijawahi kuwaona. Mwizi wa ng'ombe akikamatwa, ng'ombe ana alama, atarudi zizini. Hawa walirudi nchini, wakakosa nyumbani.

Karibu kaktasi zote zimo katika mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini, tangu miaka ya sabini. Karatasi zipo. Tatizo ni kwamba mnunuzi hataki karatasi, anataka kovu. Hili ndilo jambo ambalo wapenda mimea hawapendi kulisikia. Copiapoa inaota kwa mbegu. Vitalu halali vinaiotesha na kuiuza bila kugusa jangwa. Lakini mche wa kitalu ni wa kijani, umenyooka, una ngozi ya mtoto. Ule wa porini una jivu, mikunjo, upande ulioungua, mahali alipouma mnyama mwaka ambao bibi zetu walikuwa wasichana. Soko linalipia mateso hayo. Linaita "tabia", linaita "uhalisia", na bei inapanda kwa kila alama inayothibitisha kwamba kitu hiki kiliishi maisha marefu mahali pengine kabla ya mtu kukikata mizizi. Waliotengeneza fanicha kwa meno ya tembo walisema maneno ya namna hii, kwamba ya plastiki haina roho.

Mwaka 2024 shirika la IUCN lilitangaza kwamba asilimia 82 ya aina za Copiapoa ziko katika hatari ya kutoweka. Mwaka 2013 ilikuwa asilimia 55. Limetaja sababu kadhaa, tabianchi ikiwemo, lakini limetaja pia mahitaji ya Ulaya na Asia, na mitandao ya kijamii inayoyachochea. Yaani video ya dakika moja, yenye piano. Kipenzi chako kile, ambacho hukukinunua, ulikipa alama ya moyo tu. Na mimi niliiangalia mara tatu.

Kuna wanaojibu kwa heshima na hoja, nao nawaheshimu. Wanasema wakusanyaji ndio wanaookoa: pori likiungua au likichimbwa, mmea utabaki kwenye vyungu vyetu. Kuna mimea ambayo kweli imebakia hivyo. Lakini hoja hiyo tunaweza kuipima hapa nyumbani, maana ilishajaribiwa kwetu kwa zaidi ya karne moja.

Katika misitu ya Usambara, kwenye kingo za mawe penye kivuli na matone ya maji, kuna ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Miaka ya 1890 ofisa mmoja wa kikoloni wa Kijerumani, Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi Saintpaulia. Wajerumani hadi leo huliita urujuani wa Usambara. Ukiingia duka la maua Berlin au Chicago utalikuta limepangwa karibu na mlango, la waridi, jeupe, lenye kingo zilizokunjwa, bei ya vikombe viwili vya kahawa. Hakuna ua la chungu lililo salama kuliko hilo. Je, usalama huo umeinua msitu hata mti mmoja? Saintpaulia za porini, huku Tanzania na Kenya, zimo hatarini kwa sababu miti inayozipa kivuli inakatwa, na mamilioni ya vyungu madirishani hayajazuia shoka hata moja. Sidhani kama mama wa Kisambaa anayeuza tangawizi Muheza amewahi kupata senti kwa ua lililotoka mlimani kwake.

Nalijua ua hilo kwa karibu kuliko ninavyopenda kusema. Mwaka wa pili tulikwenda Amani kwa mafunzo ya vitendo. Siku ya tatu, wenzangu wakiwa mbele na mwalimu, niliona shina moja limejishikiza kwenye jiwe juu ya kijito. Nilikata chupa ya maji katikati, nikatia moss na udongo, nikalibandua kwa kucha. Lilitoka kirahisi mno, kama plasta iliyolowa. Nilijiambia palikuwa na mengine mengi (yalikuwa manne). Nilijiambia mimi ni mwanasayansi, nitalichunguza. Nikaliweka kwenye dirisha la hosteli Dar, joto la Februari, feni usiku kucha. Wiki ya kwanza nililipiga picha kila asubuhi. Wiki ya tatu majani yalikuwa maji. Sikumwambia mtu, na ripoti yangu ya mafunzo, iliyokuwa na sura nzima kuhusu uhifadhi, ilipata A.

Kwa hiyo sizungumzi nikiwa juu ya mnara. Najua utamu wake. Unaona kitu kizuri, na mara moja uzuri wake unageuka kuwa dai lako: mimi nimekiona, mimi nimekithamini, kwa hiyo ni changu zaidi kuliko cha jiwe. Kwamba jiwe na kijito vilikuwa vimekitunza bila msaada wangu, hilo halikunijia akilini.

Kaka mmoja kwenye kundi aliandika kwamba watu hawana maji, nchi ina deni, na sisi tunagombania miiba ya Chile. Nilimjibu kwamba ndiyo, watu hawana maji, na elimu ya kuishi kwa ukungu iko ndani ya huo mwiba. Hakuridhika. Pia si kweli kwamba haya yako mbali. Wanunuzi wa aina hiyohiyo wamehamia kwenye mimea midogo ya Namaqualand, Afrika Kusini, ile inayofanana na kokoto, na wanaokamatwa na magunia mara nyingi ni vijana masikini wa vijiji vya jirani, wakati mwenye oda yuko ng'ambo na jina lake halijulikani. Mimea yetu ya nyika ikianza kutrendi, nani atakuwa tayari?

Nilimwomba shoga yangu amuulize muuzaji maswali matatu tu: imeota kwa mbegu au la, mwaka gani, na kama ana kibali anaweza kukituma picha. Muuzaji hakujibu hata moja. Alipunguza bei. Yeye mwenyewe akanitumia picha ya ujumbe huo, akaweka na alama ya macho mawili yaliyotumbua, na kwa siku tano hatukuzungumza.

Wiki iliyopita alinitumia picha nyingine. Amenunua Copiapoa cinerea kwenye kitalu, yenye karatasi iliyoandikwa tarehe ya kupandwa mbegu. Ina miaka minne. Ni ya kijani kama hoho, duara, haina kovu, na inaenea katikati ya sarafu mbili. Akaandika: "Shoga, mbona kama kinyago cha mtoto? Hii itakuwa ya jivu lini?"

Nikamwambia aipunguzie maji, aisogeze penye jua, lile jua lao la saa tatu, na asubiri.

"Mpaka lini?"

Nikamwandikia kwamba tukishaota mvi tutazungumza tena.